Mpenzi wa Hadithi na Mwenye Hadithi

Hadithi ikisha kusimuliwa haiwi tena mali ya msimulizi peke yake. Huingia katika masikio ya wasikilizaji, na kila mmoja huipokea kwa namna yake. Msikilizaji wa kwanza huisahau kabla hajafika nyumbani. Wa pili huikumbuka na kuirudia kama alivyoisikia. Wa tatu hana raha mpaka ameitia kitu chake: amemwongezea shujaa safari nyingine, au amemtetea adui aliyehukumiwa upesi, au ameifanyia mzaha. Insha hii yahusu msikilizaji huyo wa tatu. Wako wasemao kuwa yeye ni mvivu anayejificha nyuma ya mgongo wa mtunzi; wako wasemao kuwa ni mwizi; na wako wamwonao kama mtoto asiyetaka kukua. Kabla ya kuzikubali au kuzikataa hukumu hizo, yafaa tumtazame akiwa kazini. Mfano tutakaoutumia ni wa filamu za Kimarekani ziitwazo Star Wars, yaani Vita vya Nyota, kwa sababu ni chache hadithi za zama zetu zilizopata wapenzi wenye bidii kama wapenzi wake.

Filamu ya kwanza ilionyeshwa Marekani tarehe 25 Mei 1977. Mtunzi na mwongozaji wake alikuwa George Lucas, mzaliwa wa mji wa Modesto katika jimbo la California. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Kijana Luke Skywalker analelewa na ami yake katika sayari ya jangwa. Siku moja anaona, ndani ya roboti mdogo, ujumbe wa binti mfalme Leia, ambaye ametekwa na dola dhalimu. Kijana anafuatana na mzee Obi-Wan Kenobi, anayemfundisha habari za Nguvu isiyoonekana iliyoviunganisha viumbe vyote. Wanamkodi Han Solo, nahodha wa magendo mwenye maneno mengi na madeni mengi. Wanapambana na Darth Vader, mtu wa barakoa nyeusi na pumzi nzito. Na mwisho ngome iwezayo kuangamiza sayari nzima inalipuliwa. Kijana asiyejua asili yake, mzee mwenye hekima, binti wa kuokolewa na mbaya wa kuogopwa: hao ni watu tuliowazoea tangu ngano za utotoni.

Uzuri wa filamu hiyo, basi, haukuwa katika upya wa kisa. Ulikuwa katika namna ulimwengu wake ulivyojengwa. Merikebu zake za angani zimechakaa na kuchubuka. Roboti wake wana vumbi na madoa. Katika kilabu cha pombe bandarini wamekaa viumbe wa sura ngeni, kila mmoja na kinywaji chake, wala hatuambiwi wametoka wapi au wanakwenda wapi. Mtazamaji ahisi kuwa nyuma ya kila mlango kuna hadithi nyingine ambayo kamera haikupata nafasi ya kuionyesha. Huo ndio ufundi mkubwa wa Lucas, na ndio uliowaalika wapenzi wake. Nyumba iliyofungwa milango yote twaweza kuisifu tukiwa barabarani; iliyoachwa mlango wazi hututia hamu ya kuingia. Filamu nyingine zilifuata mwaka 1980 na 1983, kisha 1999, 2002 na 2005, na tatu zaidi mwaka 2015, 2017 na 2019. Wakenya wana sababu yao ya kuzikumbuka hizo tatu, maana Lupita Nyong'o ndiye aliyempa sauti Maz Kanata, kiumbe mzee mwenye miwani mikubwa na macho yaonayo mbali.

Tukitaka kumshutumu mpenzi wa hadithi kwa kuazima, itatubidi tumshtaki kwanza Lucas mwenyewe. Utotoni alipenda sana michezo ya sinema ya Flash Gordon, iliyotengenezwa tangu mwaka 1936 na kuonyeshwa sehemu kwa sehemu. Alipokuwa mwongozaji alitaka kupata haki ya kuitengeneza upya, asiipate. Kwa kukosa hadithi ya watu akatunga ya kwake, lakini hakuficha alikotoka: maandishi yale yapandayo polepole juu ya kioo mwanzoni mwa filamu zake ni kumbukumbu ya michezo ile. Katika filamu ya Kijapani ya mwaka 1958 iitwayo The Hidden Fortress, mwongozaji Akira Kurosawa aliwaonyesha watazamaji vita vya mabwana kwa macho ya wakulima wawili wanyonge wanaogombana njia nzima. Roboti wawili wa Lucas, yule mrefu mwoga na yule mfupi mkaidi, ni ndugu za wakulima hao. Hata mwili wa roboti yule mrefu, mwenye rangi ya dhahabu, wafanana na mwanamke wa chuma aliyemo katika Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927.

Mambo hayo hayamshushi Lucas. Shakespeare naye alichukua visa vyake vingi katika vitabu vya waliomtangulia, wala hapana amwitaye mwizi. Mtunzi hazaliwi peke yake jangwani. Alikuwa msikilizaji kabla hajawa msimulizi. Kwa hiyo swali la haki si kama mtu ameazima. Swali ni hili: aliporudisha alichoazima, alirudisha nini zaidi?

Washairi wa pwani yetu walilijua jambo hili zamani, hata wakaliwekea kanuni. Katika takhmisi, mshairi huchukua mishororo miwili ya mwenzake aliyemtangulia, akaitungia mingine mitatu ya kwake, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliufanyia takhmisi wimbo unaohesabiwa kuwa ni wa Fumo Liyongo, na kazi yake ikahifadhiwa kwa heshima pamoja na wimbo wenyewe. Tazama ugumu wa kazi hiyo. Mshairi wa pili hana ruhusa ya kubadili maneno ya wa kwanza. Sharti avielewe vina vyake, mizani yake na shabaha yake. Kisha sharti alete mishororo ambayo haitaonekana kama kiraka cha nguo nyingine. Asiyeujua wimbo wa kwanza hawezi kuanza, na asiye na jambo la kusema hawezi kumaliza. Takhmisi ni mapenzi na ni mtihani kwa wakati mmoja.

Mwaka 1992 mtaalamu wa Kimarekani Henry Jenkins alitoa kitabu juu ya mashabiki wa hadithi za televisheni na sinema, akawafananisha na majangili. Mfano huo aliufuata kwa mwanachuoni wa Kifaransa Michel de Certeau. Maana yake ni kwamba shabiki huingia katika shamba la bwana pasipo ruhusa, akachukua humo kinachomfaa. Jenkins hakukusudia kumtukana. Alitaka kuonyesha kuwa mtazamaji si gunia tupu linalongoja kujazwa, bali ana akili na hiari yake. Kusudi hilo ni jema. Walakini mfano wenyewe haukai vizuri katika masikio ya mtu wa nchi hii, ajuaye hasara iliyofanywa na majangili katika mbuga zake. Jangili akimwua ndovu mmoja, kundi limepungua ndovu mmoja. Shabiki akimchukua Darth Vader na kumtungia kisa kipya, Darth Vader wa kwanza hapungukiwi hata na uzi wa joho lake. Yupo palepale alipokuwa, na huenda sasa twamtazama kwa makini zaidi. Mfano wa takhmisi wafaa kuliko mfano wa ujangili, na kwa kipimo chake tutazipima kazi chache za mashabiki hao.

Kazi ya kwanza ni Hardware Wars, filamu ya mzaha ya dakika 13 iliyotengenezwa na Ernie Fosselius mwaka 1978, mwaka mmoja tu baada ya filamu ya Lucas. Imefanywa mfano wa tangazo la filamu ijayo. Humo merikebu za angani ni pasi na kibaniko cha mkate, na roboti ni mashine ya kufyonza vumbi. Binti mfalme, ambaye katika filamu ya Lucas amefunga nywele mafundo mawili masikioni, hapa amebandikwa mikate. Mtu mwenye haraka atacheka na kusema kuwa ni upuuzi. Lakini pasi ile yapita angani kwa mwendo uleule wa fahari, na muziki unanguruma, na sauti ya msimulizi inatetemeka kwa taadhima. Ndipo mtazamaji afahamu jinsi fahari ya sinema inavyoundwa: si chombo kinachotutisha, bali namna tunavyoonyeshwa chombo. Mzaha huo wafundisha kutazama. Upungufu wake ni ule wa mizaha mingi, kwamba ukisha kufahamika hauna jambo la pili la kutuambia.

Kazi ya pili ina kina zaidi. Ni Troops, filamu fupi ya Kevin Rubio ya mwaka 1997. Msomaji akumbuke kuwa katika filamu ya kwanza askari wa dola, wale wenye mavazi meupe yaliyofunika mwili mzima na uso, waliwaua ami yake Luke na mkewe. Hatukuonyeshwa mauaji, tuliona moshi na miili tu. Rubio aliingia katika mlango huo ulioachwa wazi. Aliwafanya askari hao kuwa mashujaa wa kipindi cha televisheni, cha aina ile ambayo mpiga picha hufuatana na polisi katika doria. Wanazungumza kwa utulivu mbele ya kamera. Wanaeleza ugumu wa kazi yao na jinsi wanavyowapenda raia. Na habari ya kifo cha ami yake Luke, ikisimuliwa upande wao, yawatoa katika hatia kabisa.

Tunacheka, na katikati ya kicheko twashtuka kuona kwamba tumeanza kuwapenda. Je, si hivyo ndivyo dhuluma inavyojisimulia popote ilipo? Mtumishi wake hajioni kuwa mtu mbaya. Hujiona mfanyakazi aliyechoka, mwenye wajibu, asiyeshukuriwa. Na akipewa kamera na sauti nzuri, ukweli hugeuka mbele ya macho yetu. Jambo hilo halimo katika filamu ya Lucas, ambayo ndani yake askari weupe hawana nyuso wala fikira. Rubio aliliongeza, wala hakuharibu hata neno moja la mtunzi wa kwanza. Hii ni takhmisi ya kweli, na kwa maoni yangu ni bora kuliko filamu nyingi ndefu zilizogharimiwa kwa mamilioni.

Kazi ya tatu ni ya namna nyingine. Filamu ya mwaka 1999, The Phantom Menace, iliwaudhi mashabiki wengi kwa mazungumzo marefu na kwa mzaha wa kiumbe aitwaye Jar Jar Binks. Mhariri mmoja, Mike J. Nichols, aliikata upya, akaondoa karibu dakika 20, na nakala zake zikasambaa mkono kwa mkono chini ya jina la The Phantom Edit. Yafaa kuisifu kazi hiyo kwa jambo moja: yaonyesha kuwa kufuta nako ni kuandika. Kila mwanafunzi aliyepunguza insha yake kwa kalamu ya risasi alijua hilo. Lakini hapa mpenzi hakuongeza mishororo. Alimpokonya mshairi mishororo yake. Kisa kilipata mwendo, hakikupata moyo uliokosekana. Kazi kama hiyo ni uhakiki uliofanywa kwa mkasi, na tuupokee kama uhakiki, wala tusiuhesabu kuwa utunzi.

Kazi ya nne haina mtunzi mmoja. Mwaka 2009 Casey Pugh aliigawa filamu ya kwanza katika vipande 473 vya sekunde 15 kila kimoja, akawaalika watu wa nchi mbalimbali wachague kipande na kukiigiza upya kwa uwezo wao. Matokeo yake yaliitwa Star Wars Uncut, na mwaka 2010 yalipata tuzo ya Emmy. Kipande kimoja kimechorwa kwa mkono, kinachofuata kimeigizwa sebuleni na watu waliovaa maboksi, cha tatu ni vikaragosi. Luke hubadilika sura, umri na hata jinsia kila baada ya sekunde 15. Mtu asiyeijua filamu ya kwanza hataelewa kitu, na huo ni udhaifu usiofichika. Walakini kwa aijuaye ni ajabu kuona kwamba kisa hakipotei. Nyuso zimebadilika mamia ya mara, na bado twajua huyu ni nani na atasema nini. Hadithi imekuwa kama wimbo wa harusi: kila mmoja ana sauti yake, na wote wanajua maneno.

Mpaka hapa tumemtetea mpenzi. Haki yataka tumsikilize na mwenye hadithi. Mtunzi ametumia miaka yake, usingizi wake na fedha. Je, kila apitaye ana ruhusa ya kuchukua jina la mtu wake na kulitumia apendavyo? Mapema mwaka 1981 kampuni ya Lucas iliwaandikia wachapishaji wa majarida ya mashabiki kuwaonya dhidi ya hadithi za mambo ya faragha yasiyofaa watoto. Baadaye, tangu mwaka 2002, kampuni hiyohiyo iliendesha mashindano ya filamu za mashabiki. Mwanzoni iliruhusu mizaha na filamu za kueleza mambo ya kweli tu. Mwaka 2007 ilifungua mlango kwa visa vya kubuni. Yaani mwenye hadithi alikuwa akipima kila mara kamba aiachie urefu gani. Hakufukuza wapenzi, kwa sababu alijua kuwa wao ndio ukuta wa nyumba yake. Lakini pia hakutaka wauze nyumba yenyewe. Hapo ndipo ulipo mpaka ulio wazi. Atungaye kwa mapenzi na kutaja alikochukua ni mwanafunzi wa mtunzi. Atiaye jina la mtunzi juu ya bidhaa yake ili ajipatie faida ni mchuuzi wa mali isiyo yake, na sheria ina haki ya kumshika.

Lakini mwenye hadithi naye aweza kukosa. Mwaka 1988 Lucas alisimama mbele ya Bunge la Marekani kuwalaumu wenye mali waliokuwa wakizibadili filamu za zamani, hasa kwa kuzitia rangi ambazo hazikuwa nazo. Alisema kazi za sanaa ni urithi wa umma. Mwaka uliofuata filamu yake ya 1977 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa. Kisha mwaka 1997 yeye mwenyewe akazitoa upya filamu zake tatu za kwanza zikiwa na viumbe vipya, picha mpya na hata tendo lililogeuzwa: Han Solo, aliyekuwa amempiga risasi adui yake kwanza, sasa alipigwa yeye kwanza na kukoswa. Kwa badiliko hilo dogo nahodha mjanja wa magendo amesafishwa, na safari yake ya kutoka katika ubinafsi mpaka ushujaa imefupishwa. Watazamaji walipotaka kununua filamu kama ilivyokuwa zamani, haikuwa rahisi kuipata katika hali nzuri. Ndipo mashabiki wakakusanya nakala za kale, wakasafisha picha moja baada ya nyingine kwa miaka, ili wairudishie filamu sura yake ya kwanza. Hapa mambo yamepinduka. Mwenye hadithi ndiye aliyebadili mishororo ya wimbo, na mpenzi ndiye aliyeihifadhi. Sheria yaweza kuwa upande wa mwenye hadithi. Historia ya sanaa itawashukuru wapenzi.

Tusije tukadhani kuwa kila mapenzi ni mema. Baada ya filamu ya 1999, wako mashabiki waliomwandama Ahmed Best, mwigizaji wa Jar Jar Binks, kana kwamba yeye ndiye aliyeandika maneno aliyopewa kusema. Mwaka 2018 alieleza hadharani kuwa maneno yao yalimfikisha karibu na kuikatisha nafsi yake. Mwaka huohuo Kelly Marie Tran, mwigizaji aliyetokea katika filamu ya 2017, aliondoa picha zake zote katika ukurasa wake wa mtandaoni baada ya kutukanwa kwa muda mrefu kwa sababu ya asili yake na umbo lake. Watu waliofanya hayo walidai kwamba wanaipenda hadithi ambayo ndani yake Luke anatupa upanga wake chini na kukataa kumwua adui aliyeshindwa. Waliijua kila merikebu kwa jina, na hawakulijua funzo lake. Huo ndio ujangili wa kweli. Aliyetunga kisa kibaya juu ya Luke hakumpunguzia mtu kitu. Aliyemdhihaki mwigizaji alimpunguzia binadamu furaha ya maisha. Mapenzi ya hadithi yakisha kumfanya mtu amchukie jirani yake, yamekuwa ugonjwa.

Dhidi ya hao tuwaweke wengine. Mwaka 1997 Albin Johnson wa jimbo la South Carolina alianzisha chama cha mashabiki waliojitengenezea mavazi ya askari weupe, kipande kwa kipande, kwa mikono yao. Chama hicho, kiitwacho Kikosi cha 501, kilienea nchi nyingi. Mavazi ni ya watu wabaya, lakini wavaao huenda kuwatembelea watoto hospitalini na kuchangisha fedha za hisani. Binti yake Johnson alipopata uvimbe katika ubongo, mashabiki wengine waliozoea kuunda roboti walimtengenezea roboti wa rangi ya waridi. Mtoto huyo alifariki mwaka 2005. Roboti wake aliendelea kuwazuru watoto wagonjwa, na mwaka 2015 alionekana katika filamu yenyewe. Nambari ya kikosi nayo ilikwisha kuingizwa katika filamu ya mwaka 2005, kuwa kikosi cha Darth Vader. Angalia jinsi njia ilivyozunguka: hadithi ilizaa mchezo, mchezo ukazaa huruma, na huruma ikarudi ndani ya hadithi. Mtunzi gani hatatamani kurudishiwa mali yake hivyo?

Jambo moja limebaki, nalo latuhusu kwa karibu. Mwaka 2013 filamu ya 1977 ilitafsiriwa na kutiwa sauti katika lugha ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini magharibi mwa Marekani, kwa juhudi za Manuelito Wheeler wa jumba la makumbusho la taifa hilo. Wanavajo wenyewe ndio waliozitoa sauti za Luke, Leia na Darth Vader. Wheeler alitaka vijana waisikie lugha ya babu zao ikisema mambo ya merikebu za angani, wasidhani kuwa ni lugha ya mazungumzo ya wazee tu. Kwetu jambo hilo si geni. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, alimpenda Shakespeare na alikipenda Kiswahili, na kwa kuwakutanisha alionyesha kuwa Kiswahili kina kifua cha kubeba hotuba za Warumi. Mpenzi wa namna hiyo hachukui tu cha wageni na kukivaa. Hukileta nyumbani, na nyumba ikaongezeka.

Vijana wetu wengi huzijua hadithi za ng'ambo kuliko ngano za vijiji vyao, na wazazi hulalamika. Lawama hiyo ina ukweli, lakini mara nyingi yaelekezwa mahali pasipo pake. Kuipenda hadithi ya Mmarekani si kosa. Lucas aliipenda ya Mjapani, na Mjapani naye alitengeneza filamu kwa visa vya Shakespeare. Kosa ni kuipenda kwa mikono mitupu: kununua fulana yenye picha, kukariri majina, kubishana juu ya nani mwenye nguvu zaidi, kisha kungoja filamu ijayo kama mtu angojaye chakula kilichopikwa na mwingine. Mnunuzi wa fulana ameongeza fedha katika mfuko wa kampuni. Mwanafunzi aliyeandika kurasa kumi juu ya askari mweupe aliyekataa amri hajaongeza fedha popote, lakini amejifunza jinsi ya kumtazama adui kama mtu, jinsi ya kuanzisha kisa na jinsi ya kukimaliza. Kesho atakapotaka kuandika juu ya watu wa mtaa wake, mkono wake hautakuwa mgeni wa kalamu.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mpenzi wa hadithi ni mwizi, mvivu au mtoto, nitataka nionyeshwe kwanza kazi yake. Niiangalie kama anaijua vizuri hadithi aliyoichukua, kama amemtaja aliyeitunga, kama hakumwumiza mtu, na kama iko ndani yake mishororo mitatu ambayo ni yake mwenyewe. Ikiwa imo, na aitwe mtunzi, hata kama merikebu yake ya angani ni pasi ya mama yake. Ikiwa haimo, hajakosa kitu cha aibu. Amebaki msikilizaji, na wasikilizaji nao wanahitajiwa. Ila asituambie kuwa hadithi ni yake.